Skima kwa biashara ndogo za Dodoma: maswali tunayoulizwa kila mara

Tunatengeneza tovuti za biashara ndogo hapa Dodoma, na simu zinazoingia zina maswali yaleyale. Mwenye gesti Area D anauliza, mwenye hadiwea Nkuhungu anauliza, kijana anayeuza mvinyo wa zabibu za Hombolo naye anauliza. Tumeona tuyaandike mahali pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Mengine ni mistari miwili tu.

Hiyo skima ni kitu gani hasa?

Simama mbele ya duka lako uangalie kibao. Kuna jina, kuna namba ya simu, kuna "Tunafungua saa 2 asubuhi". Mpita njia anajua kipi ni jina na kipi ni namba bila kuelezwa. Google ikisoma tovuti yako inakuta maneno na tarakimu zimefuatana, halafu inabahatisha. Skima ni maelezo mafupi yanayokaa ndani ya ukurasa, mteja hayaoni, yanayoiambia mashine: hili ni jina, hii ni simu, hizi ni saa za kazi, hii ni bei ya chumba.

Msamiati wake unaitwa schema.org. Ulianzishwa Juni 2011 na Google, Yahoo na Microsoft wenye Bing, na Yandex ya Urusi ikajiunga mwaka huohuo. Kwa kuwa walikubaliana, unaandika mara moja na wote wanasoma. Jina la kitaalamu ni "data iliyopangiliwa", ila hatujawahi kupigiwa simu na mtu aliyelitumia.

Nikiiweka nitapanda juu kwenye Google?

Hapana. Skima peke yake haipandishi nafasi ya ukurasa, na Google wenyewe wanasema hivyo. Inachofanya ni kuufanya ukurasa wako ustahili kuonyeshwa pamoja na nyongeza: bei, picha, kama bidhaa ipo au imekwisha. Na kustahili bado si kupewa, maana Google ndiyo inayoamua ionyeshe nini na kwa nani. Fundi akikuahidi namba moja kwa sababu ya skima, mwache amalize chai yake aende.

Sasa faida iko wapi?

Iko kwa mgeni. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi ilibaki mji wa watu wanaojuana. Ukitaka fundi cherehani unamwuliza jirani. Kisha wizara zikahamia, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, hadhi ya jiji ikaja 2018, na tangu 2024 treni ya SGR inashusha watu kutoka Dar es Salaam. Anayeshuka pale Aprili, Bunge la bajeti limeanza na vyumba vimejaa, hana jirani wa kumwuliza. Anatoa simu, anaandika "gesti karibu na Bunge". Mashine yenye hakika kwamba wewe ni gesti, uko Area D, simu yako ni hii na chumba ni bei hii, ina kitu cha kumwonyesha. Ile inayobahatisha inaweza kumpa namba yako ya zamani uliyoacha kuitumia.

Sina tovuti. Nina Instagram na WhatsApp tu.

Basi skima haikuhusu kwa sasa, maana huko huna mahali pa kuibandika. Anza na Wasifu wa Biashara wa Google, ule unaokufanya uonekane kwenye ramani. Ni bure, ingawa kuthibitishwa mara nyingi kunataka upige video inayoonyesha mtaa, kibao na ndani ya duka. Kwa kibanda cha chipsi au saluni ya kiti kimoja, tunasema kweli, huo wasifu unaweza kutosha kabisa. Siku ukiwa na tovuti, urudi kwenye ukurasa huu.

Inafananaje?

Hivi. Ni duka la kubuni la vifaa vya ujenzi, namba za simu tumeweka sifuri:

```
<script type="application/ld+json">
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "HardwareStore",
  "name": "Duka la Mfano Vifaa vya Ujenzi",
  "telephone": "+255 26 000 0000",
  "address": {
    "@type": "PostalAddress",
    "streetAddress": "Mtaa wa Mfano, Nkuhungu",
    "addressLocality": "Dodoma",
    "addressCountry": "TZ"
  },
  "openingHoursSpecification": {
    "@type": "OpeningHoursSpecification",
    "dayOfWeek": ["Monday","Tuesday","Wednesday",
      "Thursday","Friday","Saturday"],
    "opens": "08:00",
    "closes": "18:00"
  }
}
</script>
```

Muundo huu unaitwa JSON-LD, na ndio Google inaoupendekeza. Kuna mingine miwili, Microdata na RDFa. Ukiikuta kwenye tovuti ya zamani usiivunje, bado inasomeka. Hii ndiyo "kodi" ambayo vijana wa tovuti wanaisema, haina uhusiano na TRA.

Kwa biashara yenye duka, Google inadai vitu viwili tu kwa lazima: jina na anwani. Mengine ni ya kuongeza kadiri unavyokuwa na uhakika nayo. Maneno ya upande wa kushoto hayatafsiriwi, na siku zinabaki kwa Kiingereza, kwa hiyo usiandike "Jumatatu" humo. Simu ianze na +255, ile sifuri ya mbele idondoke.

Tahadhari moja ya mikono: usiandalie maelezo haya kwenye Word. Word hugeuza alama za kufungua na kufunga maneno zikawa za kujikunja, na mashine haizitambui. Mkato mmoja ukikosekana, au alama moja ikijikunja, kipande chote hakisomeki. Tumia programu ya maandishi matupu.

Saa za kazi niandikeje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na tunalijibu kwa aibu kidogo, kwa sababu kosa lenyewe tumelifanya sisi.

Mteja wetu alikuwa na duka la steshenari. Alituambia kwenye simu, "Tunafungua saa mbili, tunafunga saa kumi na mbili." Aliyekuwa zamu akaandika kama alivyosikia: opens "02:00", closes "12:00". Tukapitisha kwenye kipimo cha mtandaoni kinachokagua skima (tunakitaja huko chini), kikawa kijani kitupu, tukafunga kazi. Duka halikuwa na Wasifu wa Biashara, kwa hiyo hapakuwa na saa nyingine za kulinganisha. Wiki kadhaa baadaye mama mwenye duka akatupigia: "Jamani, mbona mwanafunzi ananiambia simu inasema nimefunga, na mimi niko hapa kaunta?" Ilikuwa saa nane mchana. Kwa mashine, duka lilikuwa limefungwa tangu saa sita, na eti lilikuwa wazi toka saa nane usiku, wakati mlinzi peke yake yuko nje.

Mashine inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na tena linapozama. Kwa hiyo saa za mchana ongeza 6: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 12 jioni ni 18:00. Saa za usiku ongeza 18, na ikifika 24 au kupita toa 24: saa 4 usiku ni 22:00, saa 8 usiku ni 02:00, saa 11 alfajiri ni 05:00. Mtego mkubwa uko kwa wauza supu. Saa 12 asubuhi bado iko kwenye hesabu ya usiku, hivyo ni 06:00. Ukiongeza 6 kwa mazoea utapata 18:00 na supu yako itatangazwa ya jioni.

Kipimo hakiwezi kukuokoa hapa, kwa sababu "02:00" ni saa halali. Baa inayofungua saa 10 jioni na kufunga saa 8 usiku inaandikwa kweli opens "16:00", closes "02:00", kwa siku ileile iliyofungua, na Google inaelewa kwamba imevuka usiku wa manane. Mashine haiwezi kujua kama wewe ni baa iliyosema kweli au steshenari iliyokosea.

Siku unayofunga kutwa, weka opens "00:00" na closes "00:00". Biashara ya saa 24, kama duka la dawa la usiku na mchana, inakuwa "00:00" hadi "23:59". Na kama Ramadhani unabadilisha saa, yapo maneno validFrom na validThrough ya kutaja tarehe za kuanza na kuisha. Usibadilishe saa za kudumu halafu usahau kuzirudisha.

Duka langu liko "nyuma ya sheli, karibu na mkwaju". Anwani naandika nini?

Anza na kibao cha nyumba. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliweka majina ya mitaa na namba za nyumba, na kata zina postikodi ya tarakimu tano. Jina la mtaa na namba viingie streetAddress, postikodi iingie postalCode. Mkwaju na sheli viandike kwenye ukurasa wenyewe, pale mteja anaposoma, maana dereva wa bajaji ataelewa mkwaju kabla ya namba ya nyumba.

S.L.P. ina nafasi yake, postOfficeBoxNumber. Tumeona tovuti nyingi zimeweka sanduku la posta mahali pa mtaa. Hakuna mteja anayeweza kuingia ndani ya sanduku.

Walio nje ya jiji wawe makini na jina Dodoma, kwa sababu ni jiji na ni mkoa pia. Muuza mahindi wa Kibaigwa akiandika addressLocality "Dodoma" anamtuma mnunuzi mjini. Yeye aandike Kibaigwa hapo, na Dodoma ikae kwenye addressRegion.

Na zile namba za ramani?

Ni hiari, lakini ukiziweka ziweke sawasawa. Bonyeza kwa muda mrefu juu ya paa la duka lako kwenye ramani ya simu, namba mbili zitatokea. Kwa Dodoma mjini ya kwanza inaanza na -6.1 na ya pili na 35.7.

Ile alama ya kutoa ndiyo roho ya habari, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, duka la Dodoma linahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukizibadilishana nafasi, ya kwanza ikawa ya pili, unajikuta kwenye maji ya Atlantiki karibu na Tangier, Moroko. Na usizikate: Google inataka angalau tarakimu tano baada ya nukta. Ukiacha mbili tu, alama yako inaweza kukosea kwa nusu kilomita, na kwa mitaa ya Majengo nusu kilomita ni maduka mengi ya washindani.

Nichague aina gani ya biashara?

Iliyo karibu kabisa na kazi yako. Kuna Restaurant, Hotel, HairSalon, AutoRepair, Pharmacy, hata Winery kwa watu wa mvinyo. Usipoona inayokufaa, tumia LocalBusiness. Anayeuza nguo na pia kusuka nywele achague kazi inayomlipa pango la fremu.

Jina je? Naweza kuongeza "bora Dodoma" au "bei nafuu"?

Weka jina lililo kwenye kibao na kwenye cheti cha BRELA. Mapambo yaache kwenye bango.

Bei niandike vipi?

Bei ya bidhaa au chumba ni tarakimu tupu: "45000". Tumezoea kuandika 45,000/= na kwenye ukurasa iandike hivyohivyo, wateja wameizoea. Ndani ya skima mkato na ile mistari ya mwisho haitakiwi, na ukiweka nukta badala ya mkato, 45.000, unauza chumba kwa shilingi 45. Sarafu inaandikwa "TZS". "Tsh" na "shs" hazisomeki.

Kuna pia priceRange ya biashara nzima. Hiyo ni maandishi ya kawaida, unaweza kuandika "TZS 25,000 - 60,000". Ikifika herufi 100 na zaidi, Google haiionyeshi.

Bei ya kwenye skima na bei anayoiona mteja kwenye ukurasa ziwe moja. Wenye gesti wanapandisha bei wakati wa Bunge, wanabadilisha ukurasa, wanasahau skima. Mgeni anaona bei ya Januari kwenye simu, anafika Mei, na mapokezi panageuka baraza la usuluhishi.

Nataka zile nyota za njano.

Kila mtu anazitaka. Lakini tangu Septemba 2019 Google haionyeshi nyota ambazo biashara imejipa kwenye tovuti yake yenyewe kuhusu biashara yake yenyewe, hata kama maoni ni ya kweli na wateja waliyaandika. Nyota za biashara zinatoka kwenye maoni ya Wasifu wa Biashara, kwa hiyo mwombe mteja aliyeridhika aandike huko. Bidhaa mojamoja bado inaweza kuwa na nyota, mradi maoni yapo kwenye ukurasa na wanunuzi wanayaona. Kutunga maoni tusizungumze.

Niweke skima ya maswali na majibu ili yaonekane kwenye matokeo?

Ukurasa huu unaousoma ni wa maswali na majibu, na hatukuuwekea. Zamani ulikuwa unaona maswali yanafunguka palepale chini ya jina la tovuti. Agosti 2023 Google ikabana, ikayaacha kwa tovuti zinazotambulika za serikali na za afya. Ukiwa nayo tayari haikudhuru. Kulipia mtu akuwekee leo, kwa duka la spea, ni kupoteza hela.

Kiswahili au Kiingereza?

Lugha ya ukurasa wako. Kama maelezo ya bidhaa ni ya Kiswahili, description iwe ya Kiswahili. Maneno ya msamiati wenyewe ndiyo hayaguswi.

Natumia WordPress. Si inajiweka yenyewe?

Kwa kiasi. Plagini, yaani programu ndogo za kuongezea kwenye tovuti, kama Yoast na Rank Math zinaandika skima, lakini zinaandika ulichojaza, na wengi hawajajaza. Shida tunayokutana nayo zaidi ni plagini mbili kwenye tovuti moja, kila moja ikitangaza jina na simu yake. Chagua moja, nyingine izime.

Nitajuaje imekubali?

Kuna vipimo viwili vya bure. Cha Google kinaitwa Rich Results Test, kinakuambia kama ukurasa unastahili nyongeza. Kingine kiko validator.schema.org, kinakagua uandishi wenyewe. Makosa mekundu yarekebishwe. Maonyo ya njano mengi ni mapendekezo, na ukiwa huna kitu cha kuweka usitunge ili rangi ibadilike. Halafu subiri siku kadhaa mpaka Google ipite tena. Kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, utaona kama imesoma. Baada ya hapo mpe simu mtu asiyejua kazi hii, akusomee kwa sauti saa, simu na bei zilizomo. Baada ya ile steshenari, hiyo ni sheria ofisini kwetu, na saa anazosoma tunazirudia kwa Kiswahili kwa mwenye duka.

Google inaweza kuniadhibu?

Ukitangaza kitu ambacho hakipo kwenye ukurasa, ndiyo. Ukurasa unaondolewa sifa ya kupata nyongeza, ingawa nafasi yake ya kawaida kwenye matokeo haiguswi. Kukosea saa siyo udanganyifu kwa Google. Mteja aliyekuta mlango umefungwa ana maoni yake.

Akili mnemba imekuja. Kuna skima maalumu ya kuonekana kwenye majibu yake?

Kwa majibu ya akili mnemba ya Google hakuna, na wao wenyewe wameandika kwamba haihitajiki. Anayekuuzia hiyo anakuuzia hewa.

Gharama ni kiasi gani?

Msamiati ni bure, vipimo ni bure, na mfano tuliouweka juu unaweza kuunakili. Unamlipa fundi muda wake, mara moja. Ada ya kila mwezi ya "kutunza skima" kwa duka lisilobadilisha chochote ikufanye uulize maswali.

Nikihama fremu?

Badilisha anwani na namba za ramani siku unayohamisha kabati la kwanza, siyo wiki inayofuata. Anza na Wasifu wa Biashara, kisha ukurasa, kisha skima, kisha Instagram. Usifute duka la zamani kwenye ramani na kufungua jipya, utapoteza maoni uliyokusanya. Hariri anwani ileile. Na kama simu inabadilika pia, acha laini ya zamani ikiwa hewani mpaka walau Bunge la bajeti linalofuata lipite, kwa sababu yupo mgeni aliyeihifadhi mwaka jana ambaye hatatafuta kwenye Google kabisa, atapiga tu.